Tupeane uzoefu: vichwa vya treni hupataje majina ya kupendwa? Njooni na yenu

Kijana wa Maweni (Malindi)

Asalaam aleikum wanajamvi, na wengine wote hamjambo. Naomba leo tupeane uzoefu wa jambo moja ambalo halijanitoka kichwani tangu tulipomzika mzee wangu. Huku Malindi hatuna reli, Lamu pia hakuna, mtu akitaka treni apande matatu mpaka Mombasa halafu atafute njia ya Miritini, lakini mzee wangu alikula mkate wa reli ujana wake wote, alikuwa fayamani, yule wa kuangalia moto wa boila, Changamwe enzi za East African Railways, na hii nyumba niliyokaa saa hii nikiandika ilijengwa kwa kiinua mgongo cha reli.

Sasa zile injini kubwa za moshi alizofanyia kazi zilikuwa za daraja la 59, aina ya Garratt. Zilikuja 34, zimetengenezwa na Beyer Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956, moja ina uzito kama tani 252, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki likabandikwa ubavuni kwa kibao. Mount Kenya, Mount Meru, Mount Gelai, Mount Shengena. Majina mazuri wallahi, lakini sikumsikia mzee hata siku moja akisema leo nilikuwa na Mount Gelai. Yeye alikuwa akisema "Mapacha". Leo Mapacha wamenichosha, leo Mapacha walipanda mlima wa Mazeras vizuri. Mimi mdogo nilidhani ni watoto wa mtu huko kazini kwao, nikawa namuuliza mama mbona hawaji kucheza na sisi.

Siku akanieleza. Garratt ni boila moja kubwa katikati imebebwa na injini mbili, moja mbele moja nyuma, kila moja na magurudumu yake na pistoni zake, ila moshi wote unatokea bomba moja. Ukitoka Mombasa kwenda bara unaanzia usawa wa bahari na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600, kwa hivyo kupanda kunaanza mapema, na hapo kwenye mlima ndio unazisikia. Zinapiga pumzi pamoja, chuku, chuku, chuku, halafu moja inateleza kidogo kwenye chuma inaachana na mwenzake, sasa unasikia mbili, chukuchu-chukuchu, halafu polepole bila mtu kuzigusa zinatafutana mpaka zinakuwa sauti moja tena. Akanionyesha kwa vidole juu ya meza, mkono wa kulia na wa kushoto vinagonga pamoja, wa kushoto unachelewa, unachelewa, halafu unarudi. Akasema wanagombana na wanapatana, kama mapacha.

Basi swali langu ni hilo, majina haya hutoka kwa nani? Manake kibao kilikuwepo na hakikushika. Leteni yenu, ya treni kwanza lakini hata ya chombo kingine sikatai.

Bint Faza

Mungu amrehemu mzee. Hapo kwa vidole nimesoma mara mbili. Nasubiri za wengine.

Mpishi wa Casuarina (Malindi)

Hii yangu nimeipata jikoni. Nimepikia Wataliano hapa mjini miaka mingi na mmoja wao alikuwa dereva wa treni kwao kabla hajastaafu akahamia huku, mtu mzima, mpole, hana makuu. Siku moja tumetoka Watamu kuangalia kasa wakiachiliwa baharini, tuko kwa gari anaanza kucheka peke yake, nikamuuliza nini, akasema mimi nimeendesha kasa miaka mingi. Nikadhani Kitaliano changu kimenipotea. Tulipofika nyumbani akatoa albamu akanionyesha, ni kichwa cha treni ya umeme, E.444, na ubavuni kweli kumechorwa kasa! Wao tartaruga ni kobe na kasa wote, jina moja.

Na si kwamba ilikuwa inatambaa. Ile ya kwanza kabisa mwaka 1967 ilipita kilomita 200 kwa saa njia ya Roma kwenda Napoli. Waliiita hivyo kwa mapenzi, kama vile sisi mtu mrefu sana tunamwita Kifupi. Akanambia kuna nyingine E.656 wanaiita Caimano, yaani mamba, mimi nikamwambia basi hiyo mamba iletwe hapa mto Sabaki ina jamaa zake.

Kitu nilichokiona kwake ni hivi, akitaja namba anaongea kama mtu wa ofisi, akitaja Tartaruga sauti inashuka, mkono unaenda mbele kama ameshika usukani wake wa kazi. Hiyo sijaisahau.

Mzee wa Ganda

Wanangu mimi nilisoma Hungary kwa skolashipu, na huko ndiko nilikojua kwamba kichwa kimoja cha treni kinaweza kuwa na majina kama mtu aliyeoa nchi tano. Wasovieti walikuwa wakitengeneza kichwa cha dizeli kinaitwa M62, kiwandani Luhansk, tangu miaka ya 60, wakawauzia marafiki zao wote wa Ulaya Mashariki. Ni kile kile, injini ile ile, rangi tu ndio tofauti.

Sasa Wahungari wakakiita Szergej, jina la Kirusi, kama ungesema "yule mgeni wetu Sergei amefika". Wapolandi wakakiita Gagarin, yule wa anga. Wajerumani wa mashariki wao masikio ndiyo yaliyosema, wakakiita Taigatrommel, ngoma ya taiga, taiga ni ule msitu mkubwa wa baridi huko Urusi. Na ngoma si utani, vile vya mwanzo havikuwa na sailensa. Bweni letu lilikuwa karibu na reli na usiku kikipita kioo cha dirisha kilikuwa kinatetemeka na gilasi ya maji kando ya kitanda inafanya viduara. Mimi kijana wa Ganda niliyezoea mdundo wa ngoma za kwetu usiku, nikisikia ile nilikuwa najua niko ugenini lakini ngoma iko. Kwa hivyo Wajerumani ndio waliopatia, hilo nasema bila kupepesa.

Kwa swali lako kijana, nchi tatu majina matatu, maana yake jina halitoki kiwandani. Linatoka kwa yule ambaye usingizi wake unakatizwa.

Kijana wa Maweni (Malindi)

Mzee wa Ganda shikamoo, nimepata nilichokuwa natafuta hapo mwisho. Hebu wengine.

Mwana wa Shela, niko Ughaibuni

Niko Uingereza mwaka wa kumi na moja na hawa jamaa wana ugonjwa wa treni, kuna watu wanasimama mwisho wa platifomu na daftari na flaski ya chai kwenye mvua kungoja kichwa kimoja tu. Nimekaa nao sana kwa sababu nafanya kazi stesheni. Karibu yote majina yao ni ya masikio. Daraja la 37 wanaita Trekta kwa vile injini inanguruma kama trekta shambani. Daraja la 20 wanaita Chopa, helikopta, manake inapiga tak-tak-tak hewani. Zile za daraja la 40 ni Wapiga Mluzi. La 66 ndilo la macho, paa lake limekaa kama kibanda cha vifaa cha uani, basi wakaliita Kibanda, wengine kwa kulichukia mwanzoni manake lilikuja kuondoa vichwa vya zamani walivyovipenda, na sasa wanalitaja kwa mapenzi.

Ila inayonigusa ni daraja la 50. Ilikuwa na mafeni ya kuchuja hewa yakitoa mlio kama mashine ya kufagia zulia, wakaiita Hoover. Baadaye zikapelekwa karakana kurekebishwa mafeni yale yakatolewa, mlio ukaisha. Jina halikuisha. Hata leo zile chache zilizohifadhiwa mtoto ambaye hajawahi kuusikia mlio wenyewe anasema angalia, Hoover.

Nahodha mdogo, Amu

Hapo kwa mlio kwisha na jina kubaki umenikumbusha la kwetu. Mimi nimezaliwa Amu, yaani Lamu, nti yetu haina reli, bandari ya Kililana gati la kwanza limeanza kazi Mei 2021 na reli ya LAPSSET, ule mradi mkubwa wa bandari na barabara, tunaiona kwenye ramani tu, kwa hivyo sina kichwa cha treni cha kuwapa, nina boti.

Kulikuwa na boti ya abiria Mokowe kuja Amu, nalikuwa mtoto. Ubaoni imeandikwa jina zuri la kuomba heri, mwenyewe alilipaka kwa mkono kwa rangi ya kijani. Hakuna aliyeliita. Injini yake ilikuwa dizeli ya silinda moya, ikitembea inafanya a-ba-ta, a-ba-ta, a-ba-ta, sawasawa na watoto wa chuoni, madrasa, wakisoma alifu kwa kijiti, hata pale inapopunguza mwendo kukaribia gati ilikuwa kama mwalimu ametoka nje watoto wamelegea. Basi watu wakaiita Chuo. Umesimama kwenye ndiya ya bahari unasikia kwa mbali kabla mato hayajaiona, mtu anasema Chuo chaya, watu wanaanza kubeba vikapu.

Miaka mingi baadaye mwenyewe akaitoa ile injini akatia mashine ya Yamaha ya nyuma, mbio, sauti moja tu kama nyuki. Na watu bado wanasema Chuo kimefika? Wageni wanadhani wanaulizwa habari za skuli.

Bint Faza

Nimeipanda hiyo mimi! Marehemu nyanya alikuwa akifika katikati ya mkondo anaitikia amin.

Mke wa Mmalindi, kwetu Dar

Nyie mmeenda mbali, sisi Dar tunabatiza mchana kweupe. 2012 ilipoanza treni ya abiria ndani ya jiji watu hawakuuliza inaitwaje, ikawa Treni ya Mwakyembe basi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa waziri wa uchukuzi na alilisimamia jambo lile. Waziri alihama wizara, jina likabaki stesheni. Na sasa SGR yetu ya umeme, zile treni zilizochongwa pua ndefu mbele, jina lake la vitabuni ni EMU, lakini nenda stesheni useme nataka EMU uone utakavyoangaliwa. Mchongoko. Mama yangu hasomi lakini alinipigia simu akaniambia mwanangu nimepanda Mchongoko nimefika Dodoma jua halijawa kali.

Mume wangu Mmalindi ananiuliza mbona ya Kenya haina jina tamu hivyo, nikamwambia mngojee.

Fundi wa Kisumu Ndogo (Malindi)

Nachangia moja fupi. Marekani kuanzia mwaka 1941 walitengeneza injini ya moshi kubwa mno kwa ajili ya milima, jumla zilikuwa 25, na inasemekana kampuni ilikuwa inataka kuziita Wasatch, jina la milima ya huko. Fundi mmoja kiwandani, hajulikani mpaka leo, akachukua chaki akaandika mbele ya boila Big Boy. Ikaisha hapo. Moja yao, namba 4014, imefufuliwa 2019 na inatembea. Kijana wa Maweni ona, huko nako milima ilishindwa!

Kijana wa Maweni (Malindi)

Fundi umenimaliza. Milima ilishindwa na chaki.

Na kuna wale wa daraja la 60, mzee alikuwa akisema walibandikwa majina ya magavana wa Kiingereza, uhuru ulipokuja vibao vikang'olewa, injini ikaendelea kuvuta mzigo ule ule. Sikuwahi kumsikia mtu akilalamika kwamba amekosa jina la kuiita.

Niwape la mwisho kwa leo. Baada ya arubaini nilipanda mpaka Nairobi nikaenda Makumbusho ya Reli. 5918 iko pale, Mount Gelai, nyekundu ya damu ya mzee, ndefu mpaka ukisimama mwisho mmoja mtu wa mwisho wa pili ni mdogo. Nilikaa chini ya kivuli chake muda. Chuma kilikuwa kimepata moto wa jua na harufu ya mafuta bado iko, kidogo, ukisogeza pua karibu na boila. Sikujua nafanya nini mpaka nikasikia nagonga ubavuni kwa vidole vya mikono miwili, pamoja, halafu wa kushoto unachelewa. Kulikuwa na mzee mmoja amekuja na wajukuu zake, sijui ni nani, akasimama. Akaniambia, "Hapo bado, iache ichelewe zaidi. Huo mlima wa Mazeras unaupanda haraka."

Mwenye za Voi, Taveta au Mazeras yenyewe alete, nasoma zote.