Naombeni ushauri: Dar hadi Mbeya kwa baiskeli, peke yangu

Wakuu habari za mida hii. Mwezi wa saba nataka nitoke Dar niende Mbeya kwa baiskeli, peke yangu, ni kama kilomita 830 hivi lami tupu. Mpaka Morogoro sina wasiwasi, shida inaanzia Mikumi, pale barabara inakata katikati ya hifadhi karibu kilomita 50 na tembo na nyati wanavuka muda wanaotaka wao, simba nao wapo. Wengine wananiambia pakia baiskeli kwenye fuso uvuke, wengine wanasema piga tu pedeli saa nne asubuhi jua likishawaka, sasa nimsikilize nani? Aliyewahi kupita na baiskeli pale aniambie, askari wa hifadhi wanakuachia kweli au wanakurudisha?

Kingine mlima wa Kitonga, ule wa kona kali kabla ya Iringa. Najua nitashuka nisukume, wala sioni aibu, ila kwenye zile kona malori ya Tunduma yanapanda mdogo mdogo yamefuatana halafu basi linataka kuovateki, mtu wa baiskeli anajibanza wapi jamani?

Baiskeli ni mtumba ya gia, cheni mpya, nabeba tyubu, solusheni, pampu na spoku za akiba kwenye keria. Kulala nategemea gesti za bei chee (bi mkubwa anajua naenda na basi, msiniulize). Ila Mafinga na Makambako mwezi huo baridi si mchezo, nibebe blanketi au koti zito linatosha?