Mashine za shule: Windows na Linux pamoja, au tuchague moja?

Mwalimu wa Katuba

Wazazi, walimu na mafundi wa Lubumbashi, toka mitaa ya Katuba na Kampemba hadi mtaa wa Kenya, naleta swali lililotuchosha kwenye mkutano wa wazazi. Chumba chetu cha kompyuta kina mashine 12 za mitumba, zote zina Windows 10. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, nasi hatuna mashine hata moja yenye chipu hiyo. Kununua mpya, pesa haipo. Mimi nilipendekeza Windows ibaki, Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ikae kando yake kwenye diski ileile, mtoto achague anapowasha. Nilipingwa hadi jioni.

Msimamo wangu nausema wazi. Watoto wetu wengi wanajua Windows iliyovunjwa tu, ile inayouzwa kwenye flashi pamoja na virusi vyake. Wanakua wakiamini programu ni kitu cha kuiba. Linux mtoto anaipata bure na kwa haki, anainakili, anampa jirani, hakuna wa kumdai. Faili la Mint ni karibu gigabaiti 3. Kwa bei ya mega za intaneti za hapa si kila nyumba itapakua, lakini nyumba moja ikipakua, mtaa mzima umepata. Ninyi mnaonaje?

Mama wa Kompta, Kampemba

Mwalimu, heshima kwako. Nina ofisi ndogo ya uhasibu. Tangu nchi yetu ya Kongo iingie OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, hesabu za makampuni zinafuata mpango mmoja, na programu tunazozitumia ofisini kwangu zinataka Windows. Kijana mwenye diploma ya Leta, ile ya kumaliza sekondari, akija staji kujifunza kazi, namkalisha mbele ya mashine siku ileile. Asipojua faili lake limekaa wapi, mteja anaona.

Watoto wenu wana saa moja ya kompyuta kwa wiki. Saa moja hiyo muigawe mara mbili? Wataondoka hawajui huku wala kule.

Fundi wa Kenya

Mimi napinga kwa sababu nyingine. Mifumo miwili ni milango miwili ya kuharibikia. Agosti 2024 sasisho moja la Windows lilifanya Linux ikatae kuwaka kwenye mashine nyingi za mifumo miwili duniani. Hebu fikiri iwe darasani, watoto 40 wanatazama kioo cheusi.

Halafu delestaji, umeme kukatwa kwa zamu. Ili Linux ipate nafasi, lazima sehemu ya Windows ipunguzwe, yaani data ihamishwe kutoka upande mmoja wa diski kwenda mwingine. Umeme ukikatika katikati, huendi mbele wala hurudi nyuma. Niliwahi kuletewa mashine ya mwanafunzi katika hali hiyo, TFC yake, kazi ya kumalizia masomo ya chuo, yote imo ndani, hana nakala. Nilikaa nayo siku tatu, nikatoa sura mbili kati ya nne. Yule kijana alikaa kwenye ngazi ya duka langu tangu asubuhi, hakula. Wekeni Linux peke yake, basi.

Mwanafunzi wa Poli

Mimi nina mifumo miwili tangu mwaka wa kwanza wa Poli, yaani uhandisi chuoni. Programu ya migodi ninayosomea haiwaki kwenye Linux, lakini kodi zangu zote za programu naziandikia huko kwenye Linux. Sioni sababu ya kuacha kimoja. Ila nauliza: nikitoka Linux nikafungua Windows, saa inakuwa nyuma kwa saa mbili. Ni betri ya ndani?

Fundi wa Kenya

Hapana mdogo wangu, betri ni nzima. Linux inaweka saa ya mashine kwa UTC, saa ya kimataifa, Windows inaisoma kama saa ya hapa, na Lubumbashi tuko saa mbili mbele ya UTC. Kwenye Linux andika `timedatectl set-local-rtc 1`.

Mwanafunzi wa Poli

Asante kaka, imekaa sawa.

Mwalimu wa Katuba

Mama, saa moja haigawanywi. LibreOffice, programu ya bure ya kuandika na majedwali, inawaka pande zote mbili, somo ni lilelile: jedwali, faili, folda. Windows tutaifungua kwa watoto wa komesiale, mchepuo wa biashara, kwa programu za hesabu. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize: Windows isiyopata masasisho haifai kwenda intaneti. Upande huo tunaukatia mtandao kabisa. Mtoto akitaka intaneti anaingia Linux. Ndiyo maana nasema miwili, kila mmoja na kazi yake.

Fundi, Windows ikikatiwa mtandao, sasisho la kuja kuvuruga litapitia wapi? Kuhusu umeme una haki. Mwaka 2019 fundi mmoja alibonyeza «Effacer le disque», yaani futa diski, kwenye mashine yangu, akafuta yote, pamoja na picha za mwisho za marehemu baba. Tangu hapo sigusi diski kabla ya kunakili. Kwanza nakala kwenye diski ya nje. Kisha kuzima «Démarrage rapide», ile ya kuwaka haraka, maana inaiacha Windows nusu usingizi, na Linux haiwezi kuandika kwenye sehemu yake. Kisha kutazama kama BitLocker, kufuli la Windows la data za diski, imewashwa na ufunguo wake uko wapi. Kupunguza kunafanywa ndani ya Windows yenyewe, mashine ikiwa kwenye onduleri, kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika. Mashine zetu nne zenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 2 tu, nakubaliana nawe, Linux peke yake.

Mama wa Kompta, Kampemba

Hoja ya intaneti imeniingia. Ya saa moja bado. Na neno la siri la msimamizi, Mwalimu akihamishwa, nani analo? Shule ngapi zimefungiwa nje ya mashine zao wenyewe!

Mwalimu wa Katuba

Kweli Mama, hilo sikuliwaza. Litaandikwa kwenye karatasi, liwekwe kwenye bahasha, likae kwa prefe, mkuu wa shule.

Fundi wa Kenya

Nina onduleri mbili dukani. Jumamosi saa mbili asubuhi naleta moja. Lakini tunaanza na mashine moja, na sigusi ya pili mpaka watoto waitumie hiyo mwezi mzima.