Naomba ushauri: kuvu wa mizizi kwa nyanya zinazomwagiliwa maji ya chumvi

Ndugu wanajamvi, ninalima nyanya Uvinza, mkoani Kigoma, penye chemchemi za chumvi zinazojulikana tangu zamani, na maji ya kisima changu yana chumvi kiasi kwamba kingo za majani huungua na ukoko mweupe hubaki juu ya matuta. Nimesoma kwamba kuvu wa mikoriza, wanaoishi mizizini na kutandaza nyuzi zao udongoni, huusaidia mmea kupata maji na fosforasi na kupunguza madhara ya sodiamu. Je, niwatie kitaluni ninaposia mbegu, au shimoni siku ya kupandikiza? Je, mbolea ya DAP ninayoweka, yenye fosfeti (yaani fosforasi) nyingi, haitawazuia kushika mizizi? Naombeni uzoefu wenu, kwani msimu uliopita niliumia sana.