Uwanja mpya wa Man U: wanaoandamana wako sahihi au wanajisumbua?

Mwekundu wa 99
Wakuu, poleni na swaumu mliofunga. Jumapili ya tarehe 9 Machi 2025, kabla ya mechi na Arsenal, maelfu ya mashabiki wa Manchester United walivaa nguo nyeusi wakaandamana mpaka Old Trafford kuwataka akina Glazer, familia ya Kimarekani inayomiliki klabu, waondoke. Siku mbili baadaye, tarehe 11, Jim Ratcliffe, mmiliki mwenza, akatangaza uwanja mpya wa watu 100,000, pauni bilioni 2, utajengwa ubavuni mwa huu wa zamani. Nauliza hivi: uwanja unaupokea kutoka kwa watu walewale unaowaandamania, au waondoke kwanza ndipo tuzungumze habari za kujenga? Mimi nasema waondoke. Walinunua klabu 2005 kwa mkopo, deni wakalibandika kwenye klabu ambayo haikuwa inadaiwa. Mtu aliyeweka nyumba yako rehani humpi kazi ya kujenga nyingine. Na Old Trafford si banda la kubomoa tu, tumecheza pale tangu 1910 bila kuhama hata siku moja.

Fundi Cherehani
Wajenge, mkuu. Mei mwaka jana, na Arsenal haohao, mvua ilinyesha maji yakaporomoka kutoka paani hadi kwenye viti, dunia nzima ikaona. Tottenham wamefungua wao 2019. Man City wanacheza kwenye uwanja uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2002, mali ya halmashauri ya jiji. Sisi tunasifia historia huku tunaloa. Norman Foster, msanifu wa uwanja huo mpya, kaeleza vizuri tu: vipande 160 vitengenezwe kiwandani, vipitishwe Manchester Ship Canal, wamalize kwa miaka mitano. Na zile nguzo tatu zenye mwavuli juu mimi nimezipenda.

Jirani wa Salford
Mleta mada, sahihisho dogo. Old Trafford ilipigwa mabomu na Wajerumani 1941. Hadi 1949 United walikuwa wanacheza Maine Road, uwanja wa City. Kwa hiyo kuhama walishahama.

Gunner wa Ilala
Sikilizeni sisi wa Arsenal tuliokwishapita njia hiyo. Tulihamia uwanja mpya, Emirates, 2006. Kilichofuata ni kuuza manahodha: Fabregas 2011, Van Persie 2012, na huyo wa pili mlimchukua ninyi mkabeba naye ubingwa. Ubingwa wa ligi tuliubeba 2004, tukiwa uwanja wa zamani, Highbury, na hadi msimu huu wa 2024/25 hatujaupata tena. Uwanja mpya unalipwa na timu. Na sisi hatukuwa na deni la Glazer. Ninyi mnadaiwa zaidi ya pauni bilioni 1 ukijumlisha na madeni ya usajili, na Ratcliffe mwenyewe kasema juzi kwamba asingebana matumizi klabu ingeishiwa fedha kufikia Krismasi. Hiyo bilioni 2 inatoka wapi?

Chuma cha Reli
Mnanishangaza wote. Glazer kanunua kwa sheria za Uingereza, kama pauni milioni 790. Hisa ziko soko la New York tangu 2012, mwenye uchungu akanunue. Lakini mtu hana hisa, hana tiketi, amelipa shilingi 1,000 kwenye kibanda umiza, banda la kuangalizia mpira, cha Mbagala, halafu anapiga kelele "klabu yetu", "tuandamane". Andamaneni kwanza Simba na Yanga wapate viwanja vyao. Zote mbili zimezaliwa miaka ya thelathini na mpaka leo zinabisha hodi kwa Mkapa, uwanja wa serikali.

Mwenye Banda
Banda la Mbagala ninalo mimi, Charambe, kwa hiyo hili nitalijibu mimi.

Jumapili mechi ilikuwa saa moja na nusu usiku. Watu wamefuturu mbiombio, wengine wamekuja na tende mkononi. Benchi zangu ni 14, kila benchi watu 6, na waliosimama nyuma sikuwahesabu. Wakati king'amuzi kinaonyesha wale watu wa nguo nyeusi wanaimba nje ya uwanja, banda zima lilinyamaza. Kuna mzee mmoja anauza mihogo ya kukaanga pale nje, aliingia amesimama na ungo wake kichwani akauliza, "Nani kafa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa mzee wangu, wanataka mwenye timu aondoke. Akasema wako sawa.

Bruno Fernandes, nahodha wetu, alipofunga ile faulo, turubai nusura ling'oke. Hao ndio unaowaambia hawana tiketi? Ile 1,000 yako unayoidharau ndiyo inalipia king'amuzi kila mwezi, na king'amuzi kinalipa haki za matangazo, na haki za matangazo zinawalipa wachezaji. Mzunguko huu wa 2022 hadi 2025, fedha za matangazo za nje ya Uingereza zimezidi zile za ndani. Za nje ni nani? Ni mimi na benchi zangu.

Mwekundu wa 99
Wakuu, turudi kwenye uwanja tafadhali.

Bint Makorora
Turudi wapi na huyu kaka ameshatukana watu? Chuma, mimi niko Tanga. Marehemu baba alinifundisha kusoma kwa kurasa za michezo za magazeti. Usiku wa fainali ya 1999 na Bayern nilikuwa na miaka minane, nimejifunika kanga nimejificha nyuma ya kochi kwa sababu nilishaambiwa nikalale. Sheringham akasawazisha, Solskjær akamaliza, baba akanikuta nyuma ya kochi akanibeba juu badala ya kunichapa. Sasa niambie hiyo inahitaji risiti gani.

Chuma cha Reli
Dada yangu, sijakutukana wala sijamtukana baba yako, Mungu amrehemu. Nimesema mapenzi si umiliki. Mimi pia nampenda jirani yangu lakini siwezi kuingia chumbani kwake nikapanga vitanda.

Bint Makorora
Mfano wa vitanda umeuleta wewe, mimi sijauomba.

Mwana wa Likoni
Ndugu zangu wa Bongo, mnagombana bure. Waliokuwa na msimamo waliondoka 2005 hiyohiyo. Waliunda FC United of Manchester, mwanachama mmoja kura moja, hakuna tajiri. 2015 wakafungua uwanja wao wenyewe, Broadhurst Park, kule Moston, na Benfica wakaja kucheza nao. Kuvaa nyeusi Jumapili kisha ukanunua jezi Jumatatu, hayo si maandamano. Mtu akichoka na mwenye nyumba, huhama.

Fundi Cherehani
Na sasa hivi wako ligi ya ngapi? Ya saba. Hongera zao.

Mwana wa Likoni
Ligi ya saba kwenye uwanja wao. Wewe uko ligi ya kwanza kwenye uwanja wa Glazer.

Gunner wa Ilala
Hapo Fundi umeshikwa.

Fundi Cherehani
Sijashikwa na mtu. Mtu wa Likoni anatufundisha kuhama, lakini Gor Mahia na AFC Leopards wana uwanja gani? Wanahangaika Nyayo na Kasarani kama sisi tunavyohangaika.

Mwana wa Likoni
Mimi wala si wa Gor wala si wa Ingwe. Umeniona natoka Likoni ukanivika jezi. Hoja yangu hujaijibu.

Jirani wa Salford
Nimekuwa nasoma kimya tangu nisahihishe ile ya 1941, lakini naona niseme, maana mimi naishi huku mwaka wa 11 na Jumapili nilikuwepo.

Mimi na mwanangu wa miaka 9 tulivaa makoti meusi. Tulipofika Sir Matt Busby Way moshi wa zile fataki ulikuwa umejaa, mtoto akajifunika pua na skafu. Karibu nasi alikuwepo mama wa Kizungu mtu mzima, amevaa skafu ya kijani na dhahabu ya mwaka 2010. Hizo ni rangi za Newton Heath, jina la klabu kabla ya 1902, na ndizo rangi za kumpinga Glazer. Imefuliwa mpaka dhahabu imekuwa kama maziwa. Tulisimama naye chini ya ile saa ya Munich, iliyoandikwa tarehe 6 Februari 1958, siku ndege ya timu ilipoanguka. Mwanangu akauliza mbona saa imeandikwa tarehe. Yule mama ndiye aliyemweleza, taratibu, waliokufa ni watu 23, wachezaji 8. Mimi nilishindwa.

Sasa habari ya fedha. Msimu huu katikati walitangaza tiketi zilizobaki za wanachama zote pauni 66, mtoto na mstaafu bei moja. Awali mtoto alikuwa anaanzia 25. Mimi na mwanangu ni 132 kabla ya nauli. Mwaka jana waliwapunguza wafanyakazi 250, mwezi uliopita wakatangaza kuwa wengine mpaka 200 wataondoka, na chakula cha mchana cha bure cha wafanyakazi kimefutwa. Halafu wanakuja na picha ya mwavuli. Nani atalipia viti 100,000? Nitalipia mimi, kwa bei ya tiketi.

Na kuna jambo litamuuma Mwenye Banda, anisamehe. Sisi wa huku tukilalamikia bei, jibu tunaloliona ni kwamba klabu ina mashabiki mamilioni dunia nzima, kiti chako ukikiacha yuko mtalii atakikalia siku moja, anunue jezi mbili na kupiga picha. Benchi zako 14 zinahesabiwa, ndiyo. Zinahesabiwa ili kunitisha mimi.

Mwenye Banda
Kwa hiyo kosa ni letu?

Jirani wa Salford
Sijasema kosa lenu, kaka.

Mwenye Banda
Umesema benchi zangu zinakutisha. Nimeamka saa kumi kwa ajili ya daku, sijalala tena, nimekaa nasoma maneno yako mara tatu. Mimi nimekutetea kwa Chuma, wewe umenigeuzia. Mtu wangu wa mihogo hajawahi kupanda hata ndege, leo yeye ndiye anampandishia mwanao tiketi?

Chuma cha Reli
Mimi nilisema hivyo hivyo kwa maneno machache mkanirukia.

Bint Makorora
Hapana Chuma, wewe ulisema tunyamaze. Yeye amesema wanatutumia. Hayo ni mambo mawili tofauti, na hili la pili ndilo lilipaswa kutuuma tangu 2005. Jina letu linauzwa kwa wadhamini, linapelekwa New York, likirudi linakuwa rungu la kumpigia mtoto wa miaka 9 mlangoni. Hapa kwetu angalau kanuni ipo, wanachama asilimia 51 ya klabu, mwekezaji 49. Wajerumani nao wanayo ya kwao. Waingereza hawana, ndiyo maana yule mama anavaa skafu miaka 15 na bado wanafamilia sita wa Glazer wamekaa palepale.

Gunner wa Ilala
Asilimia 51 ya Simba na Yanga usiilete hapa kama dawa. Nenda kamuulize mwanachama wa kadi mara ya mwisho aliulizwa nini.

Mwekundu wa 99
Gunner, ukifungua hiyo hatutoki hapa mpaka Idi.

Gunner wa Ilala
Ameifungua yeye.

Jirani wa Salford
Mwenye Banda, kaka, nikuombe radhi kwa namna nilivyoliweka. Nilichotaka kusema ni kwamba wao wanahesabu benchi zako wakidhani zitakaa kimya daima. Mzee wa mihogo alipoingia akasema "wako sawa", hiyo hesabu hawana. Mwanangu nimemsomea hiyo. Ameuliza ungo ni nini.

Mwenye Banda
Mwambie ni ule wa kupepetea mchele, ila mzee wetu anaubebea mihogo.

Haya yameisha. Alhamisi tuna Real Sociedad saa tano usiku, hapohapo Old Trafford. Nitafunga kitambaa cheusi mbele ya banda, juu ya turubai, kikae mpaka mechi iishe.

Chuma cha Reli
Kitambaa cheusi Charambe, Ramadhani, watu watakuja na rambirambi.

Mwenye Banda
Waje. Nitawaeleza kama nilivyomweleza mzee wa mihogo.

Fundi Cherehani
Mbele ya banda ni mita ngapi? Uwanja wajenge, hapo sijabadilika. Lakini kitambaa lete, nitakupindia ncha bure kisichanike na upepo.