Elfu sitini ya matunzo: inamlea mtoto au inamtuliza baba?

Fundi wa Sakina

Wadau, nawasalimu. Leo naleta jambo langu mwenyewe. Mkinichapa sawa, mkinisaidia sawa.

Nina binti wa miaka tisa, yuko darasa la nne. Mimi niko Arusha, fundi wa magari, nakula kwa kazi ya siku hiyo. Mama yake yuko Moshi, Pasua, anauza mitumba Kiboriloni. Hatukuoana. Mwaka 2019 tulikaa mbele ya ofisa ustawi wa jamii tukaandikishana elfu sitini kila mwezi. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Tangu siku hiyo natuma, na ya kutolea naweka juu, sijaruka mwezi ukiacha kipindi cha korona magari ya watalii yalipolala yote. Gereji mimi ndiye mfano. Wenzangu wakiitwa ustawi, mimi nipo zangu na sahani ya ndizi nyama.

Mwezi wa sita mama yake akafanyiwa upasuaji. Akanipigia: "Mwanao yuko likizo, mchukue mpaka nipate nguvu."

Zikawa wiki tano. Kila nilichotumia niliandika kwenye daftari, na niseme ukweli, sikuandika kwa nia njema. Nilitaka siku ya kumrudisha nimwoneshe mama yake kwamba sitini inatosha na chenji inabaki.

Wiki ya kwanza ilinipa kiburi. Maziwa ya buku kila siku, mayai, sabuni, kunyoa. Ugali sikuuandika kwa sababu na mimi nakula. Ikaja elfu kumi na nne. Nikapiga mara nne, hamsini na sita. Nikacheka peke yangu.

Wiki ya pili ikaja ile baridi yetu ya Juni. Sweta alilokuja nalo lilikuwa limeishia kwenye viwiko. Soko la Kilombero, sweta la mtumba 7,000, suruali nzito 6,000. Viatu, kidole gumba kilishatokea mbele: 15,000. Hivyo viatu mama yake alinitajia tangu Aprili. Nilimjibu, "Si natuma hela?"

Wiki ya tatu, saa nane usiku, nasikia, "Baba, kichwa." Mwili wa moto kama pasi. Asubuhi zahanati: kumwona daktari, vipimo, dawa, 28,000, maana bima hana. Siku tatu sikukanyaga gereji. Ningemwachia nani? Jirani ana genge lake. Land Cruiser iliyokuwa inanisubiri kwa kazi ya springi ikaenda kwa fundi mwingine. Nikikadiria, siku zile tatu nilipoteza kama elfu tisini. Nilikaa na peni mkononi sijui niiandike upande gani. Sikununua kitu. Lakini ndiyo namba kubwa kuliko zote kwenye lile daftari.

Halafu chumba. Mimi nakaa chumba kimoja, 45,000. Mama yake amepanga chumba na sebule, na miaka yote nilikuwa nasema anajikweza, angebana matumizi. Baada ya wiki tano za kulala kwenye mkeka na kumpisha binti wa miaka tisa abadilishe nguo, mimi nikiwa nje kwenye baridi, nimeelewa ile sebule inalipiwa kwa ajili ya nani.

Vilivyonunuliwa peke yake, bila chumba, bila ugali, bila zile siku za kazi: 147,000.

Swali langu: hii hela tunayoiita matunzo, huwa tunaihesabia nini?

Mama Wawili, Ngarenaro

Kaka, hongera kwa kuandika, wengi hawaandiki. Ila nikupe pole mapema: hiyo ni likizo. Shule hujaionja.

Elimu bila ada ipo tangu 2016, tunashukuru, na ada kweli ni sifuri. Sasa ongeza chakula cha mchana, mitihani ya kila mwezi, rimu, mlinzi, kaunta buku, tuisheni kwa sababu darasa la nne kuna upimaji wa taifa, na nauli ya daladala kwenda na kurudi. Januari usiiguse kabisa. Januari sare inabana, begi limekatika mkanda, na mwalimu anataka kila kitu Jumatatu.

Wa kwangu wawili baba yao anatuma elfu hamsini, akikumbuka. Kila Desemba akipanda kwao Rombo anapitia hapa na katoni ya juisi na nguo za sikukuu. Watoto wanamwimba wiki nzima. Mimi niliyewaogesha tangu Januari ndiye mkali.

Na hizo tisini zako, kaka, mimi ninazo za kila mwezi. Niliitiwa kazi ya hotelini, zamu ya usiku, mshahara karibu mara mbili ya ninachopata. Niliikataa. Watoto wangelala na nani? Hiyo nayo kaiandike kwenye daftari lako, kama ukurasa upo.

Mgumu wa Mlima

Naona kesi imeshahukumiwa. Ngojeni na upande wa pili.

Mimi ni mpagazi. Julai mpaka Septemba, na Desemba mpaka Februari, kazi ipo, napanda mlima na kushuka. Aprili na Mei mvua inapiga, wageni hakuna, nakaa nyumbani naangalia migomba. Mahakama iliniandikia elfu themanini kila mwezi, na shauri lilisikilizwa Agosti, nina hela mfukoni, nimejibu kwa kujiamini. Aprili iliyofuata nilikopa kwenye kikoba nikalipe. Mei nilishindwa, nikaitwa baba aliyetelekeza.

Sisemi themanini ni nyingi. Agosti naweza kutoa hata laki mbili. Ninachouliza ni kwa nini mwezi wa mvua uandikwe sawa na mwezi wa jua, kwa mtu ambaye mfuko wake unafuata mvua.

Dereva wa Safari

Mgeni wangu mmoja Mwingereza aliniambia kwao wana asilimia. Kwa kipato cha kati mtoto mmoja ni 12 kwa mia ya mapato kabla ya kodi, wawili 16, watatu na kuendelea 19. Hakuna kubembelezana wala kukisia. Tungeiga hiyo.

Mgumu wa Mlima

Mangi, asilimia kumi na mbili ya Aprili yangu hainunui sukari kilo.

Mama Wawili, Ngarenaro

Na mtoto anakula Aprili pia. Agosti yako weka akiba.

Simba wa Unga Ltd

Mleta mada umeingizwa mjini. Tangu yale ya Dar, Aprili 2018, Makonda, mkuu wa mkoa wakati ule, alipowaita wanawake waliotelekezewa watoto wakafurika kwa maelfu ofisini kwake, kila mwanaume ni mtuhumiwa. Hakuna anayeuliza hela inakwenda wapi ikishatumwa. Mzazi mwenzangu ameolewa. Hela yangu nikituma inaliwa na mume wake, inasuka nywele, inanunua vocha. Ndiyo maana mimi sitoi hela, natoa vitu. Mtoto anataka daftari, napeleka daftari. Unga, napeleka kilo kumi. Risiti ninazo zote kwenye bahasha.

Mama Wawili, Ngarenaro

Huo unga unaiva wenyewe? Mkaa nani, mafuta nani, maji ya ndoo nani? Na akiugua usiku, ulete panadoli kutoka huko mtaani kwako Unga Limited?

Simba wa Unga Ltd

Dada, nimesema natoa. Wangapi hapa hawatoi hata kibiriti?

Msaidizi wa Sheria, Moshi

Nimesoma yote. Niongeze mambo mawili matatu, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Kwanza, wanaoona viwango vya leo ni kichekesho wajue tulikotoka. Sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka kikomo cha matunzo shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja. Miaka ile ilikuwa hela. Ikabaki kwenye vitabu shilingi ikishuka na mkate ukipanda, mpaka Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipoifuta. Kwa hiyo hili la kiwango kugandishwa mtoto akiendelea kukua halijaanza na fundi wetu. Serikali nzima iliwahi kukaa nalo.

Pili, sheria ya sasa haina kiwango wala asilimia. Kifungu cha 44 kinamtaka hakimu aangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, kama uwezo wa mlipaji kutafuta umepungua, watoto wengine anaowatunza, gharama za maisha pale mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe. Kisomeni tena: wazazi wote wawili. Na pale mtoto anapoishi, si pale baba anapoishi. Kaka mpagazi, hoja yako ya msimu ilikuwa na mlango hapo, ila ilibidi uiseme Agosti ile ile ukiwa na hela mfukoni. Na bado hujachelewa. Amri ya matunzo huweza kurekebishwa hali ikibadilika, iwe kupanda au kushuka. Nenda kaombe, usikae Mei kimya halafu uitwe.

Simba, kulipa shuleni moja kwa moja si dhambi. Kaandikishaneni. Ila bahasha ya risiti inaonesha ulichonunua, haioneshi alichohitaji mtoto siku ambayo hukuwepo.

Sasa la tatu, na hili si la sheria, ni la macho yangu. Nimesindikiza akina mama kwenye vikao vingi vya usuluhishi. Swali la kwanza karibu kila mara ni, "Baba, una uwezo wa kutoa shilingi ngapi?" Baba anakuna kichwa, anataja kilichobaki baada ya kodi, vikoba na mengine yake. Mama naye anataja namba anayoamini haitamkasirisha, maana akikasirika atazima simu. Wanakutana katikati, wanasaini, wanaondoka. Sijawahi kuona mtu anafungua daftari pale mezani aulize mtoto anakula nini, analala wapi, nani anakaa naye akiugua. Namba inatoka kwenye mfuko wa mmoja na woga wa mwingine. Ikilingana na gharama, ni bahati.

Fundi, hilo daftari ulilianza kwa nia mbaya, lakini ndilo lililokosekana 2019.

Mjukuu wa Kibosho

Naandika kwa niaba ya bibi yangu. Analea wajukuu watatu. Mama yao yuko Dar, baba zao wawili, hakuna anayeonekana. Bibi anauza ndizi gulioni na maziwa ya ng'ombe mmoja. Hajawahi kuitwa kwenye kikao chochote, wala hajui kama ana haki ya kuitwa. Mnabishana sitini au themanini, yeye akitumiwa kumi anapiga simu kushukuru.

Msaidizi wa Sheria, Moshi

Mlete ofisi ya ustawi ya kata yake, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto kama vipo. Hata anayemlea mtoto bila kumzaa anaweza kuomba. Njoo naye, asije peke yake.

Fundi wa Sakina

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa kimya, msimu umechanganya, gereji magari yamepanga foleni.

Nilimrudisha binti Moshi tukapanda Kosta pale stendi, daftari kwenye mfuko wa koti. Mama yake bado anatembea ameshika tumbo. Nikamwambia nimeandika kila kitu. Akafikiri nimeleta deni. Uso ulibadilika, nikaona aibu niliyostahili.

Akasoma yote, kurasa sita, polepole, kama anakagua bili ya maji. Kwenye viatu akatabasamu bila kusema neno. Kwenye zile siku tatu za gereji akauliza, "Hii tisini ulinunua nini?" Nikamweleza. Akasema mwezi wa pili yeye alifunga kibanda siku nne, mtoto ana tetekuwanga. Hakuniambia. Kwa sababu gani? "Ungesema si unatuma hela."

Halafu akachukua peni akakata mstari mmoja. Chipsi, soda na bembea, Jumapili, 11,000. "Hii si matumizi, hii ni raha zako na mwanao." Nikamwambia kuna msaidizi wa sheria ninayemsoma, najua kwa sheria mzazi anawajibika hata kwa mtoto kucheza na kupumzika. Akasema basi huyo msaidizi wa sheria ndiye ailipe.

Tumebishana kama saa mbili. Nilianza na elfu tisini kwa mwezi, nikijiona mkarimu. Yeye hakutaja namba, alifungua tu daftari pale pale na kuongeza mistari ya shule: chakula, tuisheni, mitihani. Nilipojumlisha mwenyewe nikanyamaza. Tumefika laki na kumi kila mwezi, Januari sare na viatu nusu kwa nusu, akiugua yule asiyekuwa naye anatuma nusu ya hospitali siku hiyo hiyo. Na kila akipanda darasa tunakaa tena na daftari. Miezi ya mvua nimeomba iwe themanini, na tofauti naifidia Agosti. Hapo Mgumu ndiye aliyenifungua macho. Mama yake amekubali kwa sharti kwamba Agosti isisahau. Wiki ijayo tunakwenda ustawi kuandikisha, ile karatasi ya 2019 ichanwe.

Sijui kama laki na kumi ndiyo gharama halisi. Yeye anasema siyo, na anajua kuliko mimi. Simba, wewe bado utasema nimeingizwa mjini, sawa.

Ya kwanza nimetuma Ijumaa jioni, nimetoka kazini mikono ina oili, nabonyeza simu kwa kidole kidogo. Baada ya dakika mbili akajibu: "Imefika. Ya kutolea umesahau."