MREJESHO: Gari langu lililogongwa nyuma na daladala

Wakuu, mwezi wa tatu niliwaomba ushauri: daladala ilinigonga nyuma pale Ubungo, mwenye nayo akataka tumalizane kwa laki mbili. Asanteni sana mlionikataza.

Nilihakiki stika yake ya bima kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima), ikawa hai. Kwa kuwa bima yangu ni ndogo (third party, hailipi gari langu mwenyewe), nikadai moja kwa moja kwenye kampuni iliyoikatia bima daladala. Walitaka fomu za polisi, PF 90 na PF 93, pamoja na ramani ya ajali. Hizo fomu ndizo zilizonimaliza: wiki tano za kwenda na kurudi kituoni, maana polisi walisubiri kwanza dereva wa daladala akiri kosa na alipe faini.

Buti, taa na rangi wamelipa zote, na gari limetoka gereji Jumamosi. Bampa wamekataa, kwa sababu nililibadilisha kabla mkaguzi wao hajaliona. Mlinionya, nikawa na haraka, nimepoteza 180,000. Hela ya breakdown (gari la kuvuta) nayo imegoma, risiti yangu haikuwa ya EFD (mashine ya risiti ya TRA).

Aliyeniambia nitoe kopi ya kila fomu kabla ya kuikabidhi, Mungu akubariki. Faili langu lilipotea mara moja, kopi zikaniokoa.