Naomba ushauri: nimtambulisheje mwanasayansi mpya bila kumkwaza mzee wa maabara?

Wadau, habari zenu. Nasimamia maabara ndogo ya mikrobiolojia hapa Industrial Area, Nairobi. Tunapima maziwa na maji ya visima. Jumatatu anaripoti binti mwenye shahada ya uzamili. Shida ni mzee wetu, mwenye diploma, ambaye kazi yote imemwegemea. Akiinua sahani ya agari ya MacConkey (ile ya kuoteshea bakteria) kwenye mwanga, anakuonyesha koloni, yaani vishada vya bakteria, za waridi zinazofanana na E. coli, bakteria wa kinyesi, kabla hujavaa miwani. Otoklevu, mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke, hamwachii mtu: nyuzi 121, dakika 15, na anasimama hapo hapo.

Mkurugenzi anataka nisome vyeti vya binti mbele ya wote, kwenye chai ya saa nne. (Chai yenyewe mzee ndiye huichangisha!) Mimi naona afadhali mzee amtembeze kwanza, amwonyeshe inkubeta (kabati la joto la kuoteshea vijidudu) na pa kuweka taka za vijidudu, vyeti vije baadaye. Ila je, binti hataona ameshushwa?

Linaloniumiza kichwa zaidi ni sahihi ya matokeo, maana mpaka sasa ni ya mzee. Nilitaje siku hiyo hiyo, au ningoje binti amalize kipindi cha majaribio? Mliopitia haya, nisaidieni.